Mmepoteza Ng'ombe?

Mgeni akikupigia simu kwamba anakuja Sumbawanga kukusalimia, muulize mapema anakuja na viatu gani. Mimi sikuuliza. Nilikwenda stendi alfajiri, baridi ya Juni inang'ata masikio, nikamwona Mwalimu anashuka kwenye basi na buti za kupandia mlima, fimbo mbili za chuma za kukunja, na darubini shingoni. Basi hilo lilikuwa limetoka Dar es Salaam, kilomita zaidi ya elfu moja, likapita Mbeya, likapita Tunduma, likapita Laela, na mtu mzima kakaa njia nzima na darubini shingoni. Usiku alikuwa akitazama nini? Labda kisogo cha dereva.

Mwalimu nimesoma naye Tanga. Kafundisha jiografia miaka mingi, sasa kastaafu, na badala ya kufuga kuku kama wastaafu wenzake amejiunga na kundi la watu wanaoamka Jumamosi kwenda kutembea Pugu, na wakipata nauli wanakwenda kutembea Uluguru. Wanaita haikingi. Ameambukiza mkewe, na mkewe akamwambukiza shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anayeishi nao mtaa mmoja. Wote watatu walishuka kwenye basi lile. Wote watatu wana buti.

Nijieleze kidogo, msije mkadhani nina roho mbaya. Mimi ni mtu wa pwani. Kwetu mtu hapandi kitu chochote ila kiwe na nazi juu. Nilipoletewa barua ya uhamisho wa kuja Sumbawanga, miaka kumi na minne iliyopita, mama yangu alianua nguo kambani akaingia ndani kunisomea dua, maana sifa za mji huu mnazijua, na wanaozieneza zaidi ni wale ambao hawajawahi kuvuka Tunduma. Wenyeji wenyewe hukueleza kwamba jina Sumbawanga maana yake ni tupa uchawi. Ukija nao, uache mlangoni. Nikaja. Sikurogwa. Nikaoa. Wapo ndugu zangu Tanga wanaosema hayo ni mambo yaleyale.

Basi chai haijapoa, Mwalimu akakunjua ramani juu ya meza yangu, juu ya maandazi. Ijumaa maporomoko ya Kalambo, Jumamosi msitu wa Mbizi kutafuta mbega mwekundu, Jumapili alfajiri basi la kurudi. Nikasema, kwa heshima zote, kama ni wanyama twendeni Katavi. Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1974, iko hapo kaskazini kwetu, na kiangazi maji yakipungua viboko wanabanana kwenye dimbwi moja kama abiria wa Mbagala saa kumi na mbili jioni. Na uzuri wake mkubwa: unawaona ukiwa umeketi. Gari linatembea, wewe umeketi, kiboko kaketi, kila mtu na heshima yake.

Mwalimu akaniangalia kwa huruma. "Hiyo si haikingi," akasema.

Nikamgeukia mke wangu anitetee. Sasa Mama Rehema ni Mfipa, mzaliwa wa hapahapa juu, na ni kweli utotoni alikwenda shule kwa miguu akipita katikati ya matuta ya mahindi. Lakini Mama Rehema ninayemjua mimi hupanda bodaboda kwenda gengeni, na genge liko mahali ambapo ukisimama uani kwetu unasikia bei ya nyanya. Siku hiyo akaweka mkono kiunoni mbele ya wageni: "Milima hii si ni ya kwetu? Mimi naijua yote." Ndivyo walivyo wake zetu. Mkiwa wawili yuko upande wako. Wakija wageni, anahamia upinzani.

Nikajaribu historia. Nikawakumbusha kwamba David Livingstone naye alipita pembezoni mwa Ufipa kwa miguu mwaka 1872, na mwaka uliofuata akafa, na Chuma na Susi na wenzao wakaubeba mwili wake mpaka Bagamoyo. Nikauliza hadharani: mimi nikianguka, nani atakuwa Chuma, na nani Susi? Shemeji akasema kwa kilo zangu watahitaji wengine sita. Kikao kikafungwa.

Kalambo sitaizungumza sana, kwa sababu nilikwenda nikiwa nimenuna na mtu aliyenuna haoni vizuri. Mnapita Matai, mnaendelea kusini hadi nchi inakatika: huku Tanzania, ng'ambo Zambia, na katikati mto unajitupa zaidi ya mita 220 kwa mruko mmoja, maradufu ya Victoria na zaidi. Kuna ngazi. Kushuka nilihesabu mpaka mia tatu, nikaacha, kwa sababu kila ninayoihesabu najua nitadaiwa wakati wa kupanda. Kwenye kuta za miamba huwa wanatagia wale ndege wakubwa wenye upara na mfuko shingoni, ambao Dar mnawaona majalalani na hamwendi kuwapiga picha. Hapo ndipo Kiswahili kikanisaidia kulipiza kisasi. Shemeji akapiga ukelele, "Korongo!" Nikamjibu, "Naliona." Akasema, "Si hilo, huyo!" Nikasema mimi naona korongo moja tu, lenye maji. Tukaendelea hivyo dakika nzuri kumi. Mwalimu hakucheka. Yeye alikuwa akitueleza kwamba makorongo hao hujinyea miguuni makusudi wapate ubaridi, ndiyo maana miguu yao inaonekana imepakwa chokaa. Nikaiangalia miguu yake ndani ya zile buti, nikanyamaza.

Jambo moja lilinigusa, nalo halikuwa mnyama. Upande wa Zambia, juu kidogo ya maporomoko, wataalamu walichimbua magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine, na mwaka 2023 wakatangaza kwamba yana umri wa miaka 476,000. Watu kama sisi walikuwa bado hawajatokea duniani. Waliochonga walikuwa watu wa kabla ya watu. Mwalimu akasema tazama binadamu wa kale walivyokuwa wakizunguka nchi yao. Mimi naona amesoma vibaya. Magogo yale wanasema huenda yalikuwa jukwaa au msingi wa makazi. Yaani walifika Kalambo, wakaona panatosha, wakatengeneza mahali pa kukaa. Kukaa, Mwalimu. Miaka laki nne na ushee kabla hujanunua fimbo.

Jumamosi ndiyo siku yenyewe.

Milima ya Mbizi iko hapo mashariki mwa mji, unaiona ukitoka kununua vocha. Msitu wake si mkubwa, umebaki kwenye mabonde na migongo ya milima, majani ya kiangazi yameuzunguka kama sharubu. Na humo, katikati ya ubaridi wa mita elfu mbili na zaidi, anaishi mbega mwekundu, ambaye jamaa zake wako mbali: wako Gombe na Mahale, wako Kibale huko Uganda. Wa Gombe huwindwa na sokwe. Wa Mbizi adui zake ni moto na shoka, na siku hiyo, Shemeji.

Tulilipa kiingilio, tukapewa risiti na kijana wa kutuongoza, mpole, kavaa makobazi ya tairi. Makobazi ya tairi! Nikamwonyesha Mwalimu kwa kidole. Mwalimu akajifanya anafunga kamba za buti.

Tulianza kupanda saa kumi na mbili na nusu. Chini kabisa mnapita mashambani, na Wafipa wana kilimo chao cha ntumba, matuta ya duara makubwa, majani wanayafukia humo yaoze yawe mbolea. Ni akili nzuri ya kilimo. Ni balaa kwa mtu wa pwani gizagiza la asubuhi, maana kila tuta linakuja pale unapoweka mguu. Mama Rehema alikuwa mbele, kanga kiunoni, anaruka kama kwale. Kila nikimwita "Mama Rehema, tupumzike," ananijibu "Pale mbele." Pale mbele pamesogezwa mara tano.

Nimeegemea fimbo, roho i mkononi, akatokea mama mmoja anateremka. Mtu wa umri wa kuitwa bibi, mzigo wa kuni kichwani, mtoto mgongoni, miguu mitupu, na pumzi hata haijapanda. Tukamwamkia. Akaitikia, akasimama, akatutazama mmoja mmoja: zile buti, zile fimbo, ile darubini, mimi. Akauliza kwa upole kabisa:

"Mmepoteza ng'ombe?"

"Hapana, bibi," akasema Mwalimu, "tunatembea tu."

"Mnakwenda wapi?"

"Juu."

"Juu kuna nani?"

Hapo msomi wa jiografia akakosa jibu. Akasema tunakwenda kuangalia wanyama. Bibi akauliza wanyama gani. Mbega. Akatingisha kichwa kidogo, kwa adabu ili kuni zisianguke, akasema poleni, akaenda zake. Ndiyo neno la maana nililosikia siku ile nzima. Watu wa Ufipa huwapa pole waliofiwa, na hutupa pole sisi.

Msituni sasa. Kuangalia wanyama na watu wengine kuna sheria zake, hazijaandikwa popote, na zote zinakukandamiza wewe usiyeona. Ya kwanza: anayesema "nimemwona" haulizwi ushahidi. Ya pili: asiyeona ndiye mwenye kesi. Shemeji alianza mapema.

"Yule! Yule pale!"

"Wapi?"

"Kwenye ule mti."

Jamani, tuko msituni. "Mti upi, Shemeji?"

"Ule wenye majani."

Mke wa Mwalimu akasema naam, kamwona. Mwalimu akaweka darubini, akazungusha, akazungusha, akasema aah, dume, kofia nyekundu kichwani, mgongo wa kijivu, namna ileile ya kitabuni. Mama Rehema akasema, "Kumbe yule! Mzuri." Wanne. Wote wakanigeukia mimi.

Nilipewa darubini. Nilichoona ndani yake ni kope zangu. Nikazungusha, nikaona kijani. Nikazungusha upande wa pili, nikaona kijani cha mbali. Mwalimu kashika daftari lake, kalamu imesimama, anasubiri. Anaandika kila kitu, yule: tarehe, saa, aina, na walioona wangapi kati ya wangapi. Kijana wetu wa makobazi alikuwa kimya kando, anatazama mti mwingine kabisa, nami sikulitilia maanani.

"Fuata tawi la kushoto," akasema Shemeji.

"Kushoto kwangu au kwake?"

Na wakati huohuo, ndani ya suruali, karibu na goti, nikasikia siafu wa kwanza. Wenzangu mnaojua siafu mnajua hawaji peke yao. Nilikuwa nimesimama juu ya msafara wao muda wote ule wa kutafuta tawi la kushoto. Wa pili akapanda. Wa tatu akapita goti, na nia yake ilikuwa dhahiri. Kuna kiwango cha ukweli ambacho mwanamume anaweza kukitetea akiwa na siafu chini ya goti, na kiwango kingine juu yake.

"Nimemwona!" nikapiga ukelele. "Huyo! Nimemwona kabisa!" Nikaruka kando, napiga makofi mapajani.

Wakafurahi sana. Mwalimu hakupata kuniona nikimshangilia mnyama namna ile tangu tufahamiane. "Mkia ulikuwaje?" akauliza, kalamu mkononi.

"Mrefu," nikasema, nikikimbilia nyuma ya mti kuvua suruali.

Akaandika: watano kati ya watano.

Mchana tulifika mgongoni mwa mlima, mahali nchi ya juu inapokatika, na chini kabisa, zaidi ya kilomita moja kwenda chini, Ziwa Rukwa limelala kwenye Bonde la Ufa limeng'aa kama sahani ya bati. Hapo sina la kulalamika. Nilikaa juu ya jiwe, nikala viazi vitamu vya baridi, upepo unanipenya, nikafikiri kwamba nimedanganya watu wanne mbele ya ziwa zuri namna hii.

Usiku huo, wageni wamelala sebuleni, sisi chini ya mablanketi matatu. Taa imezimwa.

"Baba Rehema, umelala?"

"Nimelala."

"Yule mbega, ulimwona?"

Nikanyamaza. Mume mwenye busara akiulizwa swali kama hilo gizani hurudisha swali. "Kwani wewe ulimwona?"

"Nimeanza mimi kuuliza."

Nikamweleza habari za siafu. Blanketi likaanza kutikisika, nikadhani analia. Kumbe anacheka, kauma shuka asiamshe wageni. Akasema yeye aliona jani linacheza. Jani tu. Ila atakubalije, mdogo wake wa tumbo moja, wa kutoka Dar, aone mnyama wa Ufipa na yeye mwenye Ufipa yake asione? Basi akasema mzuri. Tukahesabu pale gizani, vidole juu ya blanketi: kati ya watano, wawili tumeshajitoa. Shemeji tangu utotoni anaona vitu. Mwalimu anaona alichokisoma. Mke wa Mwalimu anaona anachoona Mwalimu. Ndoa yao imedumu.

Jumapili alfajiri tukawasindikiza stendi. Kukumbatiana, karanga, maharage kilo kumi ya kupeleka Dar. Basi likaondoka, darubini imeelekea kisogo cha dereva. Nikageuka kurudi kitandani. Mama Rehema akashika mkono wangu, akaita bodaboda mbili. "Mbizi," akawaambia.

Tulilipa kiingilio tena. Kijana akawa yuleyule wa jana, na alipotuona alitabasamu kidogo. Nikamuuliza, kijana, tuambie kweli, jana pale kulikuwa na mbega? Akasema, "Mzee, wageni walikuwa wanafurahi." Ana akili, kijana yule. Kisha akatupeleka mahali si mbali, chini ya miti mikubwa, akasema maneno matamu kuliko yote ya safari ile: "Kaeni hapa."

Tukakaa. Juu ya gogo. Hakuna buti, hakuna fimbo; mke wangu kaja na kandambili na chupa ya chai. Tulikunywa kikombe kimoja, tukagawana andazi. Hatukusema neno, jambo ambalo nyumbani kwetu lingekuwa ugomvi. Baada ya muda matawi yakaanza kuinama, moja baada ya jingine, kama mtu anayetembea juu ya godoro. Wakaja. Mmoja, watatu, kisha tukaacha kuhesabu. Kofia nyekundu kweli, kama kutu. Mgongo wa kijivu. Mikia imening'inia. Jike moja likaketi wazi kabisa juu yetu, mtoto kifuani, likachuma majani machanga, likatafuna taratibu, likatuangalia. Niliuona mkono wake vizuri: vidole vinne virefu vimeshika tawi, gumba hakuna. Mbega hana gumba. Hawezi kutuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp, ndiyo maana ana amani usoni. Na tumbo lake lina vyumba, majani yanachacha humo, kwa hiyo akishashiba kazi yake ni kukaa. Nimezunguka milima siku mbili kumtafuta mnyama ambaye tuna msimamo mmoja juu ya haikingi.

Mama Rehema alipiga picha moja kwa simu yake. Imetoka: jike, mtoto, mkono, kila kitu. Na picha ile hatuwezi kumtumia mtu yeyote. Tutasemaje? Kwamba tumemwona? Tulishamwona. Imeandikwa daftarini, watano kati ya watano. Jumatatu Mwalimu alinipigia, Shemeji yuko pembeni, nisimulie tena nilivyorukaruka kwa furaha. Kumbe kule Dar hadithi imeshakuwa yangu. Nikasimulia. Mkia mrefu, nikasema. Mama Rehema akatoka nje kwenda kucheka.

Wakati wa kushuka Jumapili ile tulikutana na bibi wa kuni, mahali palepale.

"Mmempata?" akauliza.

"Tumempata, bibi," akajibu mke wangu.

Bibi akatazama nyuma yetu. Njia tupu. "Mbona hamkumleta?"

Picha ninayo. Msomaji ukifika Sumbawanga pita nyumbani, nitakuonyesha ukiwa umeketi, chai ipo. Ila ukikutana na Mwalimu huko Dar, utamjua kwa darubini, tafadhali: tulimwona Jumamosi.